Jibu la mhamo likikukatalia: tafuta dalili kabla ya kulaumu hesabu

Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili alinirudishia daftari amenuna. Swali lilimhusu mtu aliyezunguka uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, akaanzia kwenye kibendera cha kona na kurudi palepale. Yeye alikuwa amejibu mita 346. Mimi nimelikata jibu kwa wino mwekundu na kuandika sifuri. "Mwalimu, mtu katembea mpaka jasho linamtoka, halafu unampa sifuri?" Hesabu yake haikuwa na dosari: 105 mara mbili, 68 mara mbili, jumla 346. Ila alijibu swali ambalo hakuulizwa: swali lilitaka mhamo, yaani pengo kutoka alipoanzia hadi alipoishia, si njia nzima aliyopita.

Tangu hapo nimesahihisha madaftari mengi ya twisheni, na nimeona kwamba mhamo hauwashindi watu kwa ugumu wa hesabu. Unawashinda kwa sababu wanaanza kukokotoa kabla ya kujua wanatafuta nini. Ndiyo maana nimepanga mambo haya kwa dalili, kama fundi wa redio anavyofanya: kwanza sikiliza inakoroma wapi, ndipo ufungue kasha.

Lugha yetu nayo ina mkono katika tatizo hili. Tunaposema "umbali wa kutoka hapa hadi sokoni", neno hilo moja linabeba njia pamoja na kona zake zote, na linabeba pia lile pengo lililopo kati ya hapa na sokoni. Kwenye mazungumzo hakuna anayeumia. Fizikia ndiyo inayodai maneno mawili. Njia uliyopita, kona zote zikihesabiwa, ibaki kuwa umbali. Lile pengo, pamoja na upande linakoelekea, darasani utasikia likiitwa displesimenti. Mimi nitaliita mhamo, kwa kuwa neno lenyewe linajieleza. Familia ikihama kutoka Mbagala kwenda Kimara, jirani haulizi lori la mizigo lilikata kona ngapi. Anauliza walikuwa wapi na wamehamia wapi.

Kabla ya kugusa kalamu, jiulize mambo matatu: mwanzo ni wapi, mwisho ni wapi, na upande gani nimeuita chanya. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inatokana na mojawapo ya hayo kusahauliwa.

Dalili: jibu limetoka sifuri, na moyo unakataa

Chanzo chake ni huruma. Unahesabu jasho la mtu, na mhamo hauhesabu jasho.

Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini yanakokusanyika maji. Baharia anaweza kushinda siku nzima akienda huku na huko juu ya chombo. Akirejea ngamani alikotoka, umbali wake ni mrefu na mhamo wake, ukipimwa ndani ya chombo hicho, ni sifuri. Mkimbiaji wa mita 10,000 uwanjani ni vivyo hivyo: mizunguko 25, anaanza na kumalizia kwenye mstari uleule. Kilomita kumi za umbali, mhamo hakuna.

Mzunguko kamili, hata hivyo, ni rahisi kuukubali ukishazoea. Panapochanganya zaidi ni pale mtu anapomalizia karibu na alikoanzia, lakini si palepale. Chukua mfano wa Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuvunja rekodi ya dunia, akiwa ameongoza tangu mwanzo. Kwa sekunde, huo ni muda wa 212.2. Gawanya 1500 kwa 212.2, unapata mita 7.07 kwa sekunde. Hiyo ni kasi yake ya wastani.

Sasa tafuta mhamo. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja wa mita 400. Maana yake, mstari wa kuanzia uko mita 100 mbele ya mstari wa kumalizia, ukiwa umeingia kwenye kona ya kwanza na kukaribia kuimaliza. Kona hiyo ni nusuduara. Kwa vipimo vya kawaida vya viwanja vya leo, njia ya ndani ina nusu kipenyo cha mita 36.8. Ukikata moja kwa moja kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia, unapata kama mita 72. Gawanya 72 kwa 212.2: mita 0.34 kwa sekunde. Hiyo ndiyo velositi ya wastani, yaani mhamo uliogawanywa kwa muda. Huo ni mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea akiwa ameshika kiti!

Namba zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inakueleza Bayi alikuwa nani. Ya pili inakueleza tu kwamba wajenzi wa viwanja waliweka mistari miwili karibu karibu. Kusema kweli sipendi mtihani unaouliza velositi ya wastani ya mkimbiaji wa uwanjani na kuliacha jibu lining'inie hivyo. Mwanafunzi anaondoka akidhani fizikia inamdhihaki mwanariadha.

Tiba: kwenye mchoro wako, weka nukta kwenye mwanzo na nyingine kwenye mwisho, kisha ifute njia kwa kifutio. Ifute kabisa. Kilichobaki kati ya nukta mbili ndicho unachopima.

Dalili: mhamo umezidi umbali

Hapa hakuna mjadala, umekosea. Mstari mnyoofu hauwezi kuwa mrefu kuliko njia yoyote inayounganisha ncha zake. Mhamo unaweza kulingana na umbali, kwa mtu aliyekwenda moja kwa moja bila kugeuka. Unaweza kupungua, hata kufika sifuri. Kuzidi, haiwezekani. Mara nyingi utakuta umechanganya mita na kilomita, au umesahau kutafuta kipeuo cha pili mwishoni na kuandika 25 mahali pa 5.

Dalili: umejumlisha hatua zote ukapata jibu kubwa mno

Swali: mtu ameenda kilomita 6 mashariki, kilomita 3 kaskazini, kisha kilomita 2 magharibi. Mwanafunzi anaandika 11. Hiyo 11 ni umbali, wala si namba ya kutupa. Lakini magharibi ni kinyume cha mashariki, kwa hiyo zile 2 zinakula sehemu ya zile 6, zinabaki 4 mashariki. Kaskazini hakukuguswa, ni 3. Mashariki na kaskazini zinakutana kwa pembe mraba, hivyo Pythagoras anamalizia: 16 na 9 ni 25, kipeuo chake 5. Mhamo ni kilomita 5, nyuzi 53 kutoka kaskazini kuelekea mashariki.

Wengi wanashika hesabu hiyo wakiwa darasani na kuisahau wiki inayofuata, kwa kuwa mtu anayekwenda mashariki, kaskazini na magharibi bila sababu hakai akilini. Mimi huwapa jahazi. Nahodha anayetaka kwenda kule upepo unakotoka hawezi kuelekeza omo huko moja kwa moja, tanga litapigapiga tu na chombo kisimame. Inabidi apige bisho: aende mshazari upande mmoja, ageuze, aende mshazari upande wa pili. Tuseme anapiga hatua nne za kilomita 2 kila moja, kila hatua ikiwa nyuzi 60 kutoka upepo unakotoka, akipokezana kulia na kushoto. Kila hatua inampeleka mbele kilomita 1 tu, na pembeni kama kilomita 1.73. Za pembeni zinafutana: mbili za kulia, mbili za kushoto. Za mbele hazifutani, kwa sababu zote ziko upande mmoja. Mwishoni chombo kimekata kilomita 8 za maji, na kimesogea kilomita 4 kuelekea upepo.

Ukimwelewa nahodha huyo, umeshaelewa jinsi vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na upande, zinavyojumlishwa. Kila hatua ina sehemu ya mbele na sehemu ya pembeni. Jumlisha za mbele peke yake, za pembeni peke yake, na zinazopingana ziache zifutane.

Dalili: namba ni sahihi, lakini umepewa nusu ya alama

Umesahau upande. Nalaumu maelezo yanayozunguka kwenye madaftari, kwamba mhamo ni "umbali mfupi kuliko wote kati ya sehemu mbili". Maelezo hayo si ya uongo, ila yamekatwa mguu. Ukubwa umetajwa, mwelekeo umeachwa nyumbani. "Kilomita 5" haijawa mhamo mpaka useme kuelekea wapi.

Nenda Dar es Salaam, usimame Feri upande wa soko la samaki. Kigamboni unaiona kwa macho, katikati kuna maji ya mita mia chache. Unaweza kupanda pantoni ukavuka. Au uzunguke kwa gari kupitia Kurasini, upite Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016, utokee ng'ambo na kusogea hadi pale pantoni inapotia nanga. Njia ya pili ni ndefu mara nyingi zaidi, lakini mhamo wa safari zote mbili ni mmoja: mita zilezile chache, kutoka Feri kuelekea Kigamboni. Ukirudi jioni, mita ni zilezile na mhamo ni mwingine, kwa sababu upande umegeuka. Mtu aliyeandika "mita mia chache" bila upande hajatuambia kama yuko mjini au amevuka.

(Bodaboda, kwa taarifa yako, hawezi kukutoza kwa mhamo. Petroli inaliwa na umbali.)

Dalili: kwenye kipeuo cha pili imetokea namba hasi

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu kosa linajipigia kelele lenyewe.

Mtu yuko juu ya paa, mita 15 kutoka ardhini. Anarusha jiwe wima kwenda juu kwa mita 10 kwa sekunde. Jiwe linapanda, linasimama, linashuka kupita ukingo wa paa hadi ardhini. Limetumia muda gani? Tumia mvutano wa dunia wa 10, kama mitihani mingi inavyoruhusu.

Mwanafunzi anachukua mlinganyo anaoujua: s = ut + ½at², ambapo u ni velositi ya kuanzia, a ni badiliko la velositi kila sekunde, na t ni muda. Kwa s anaweka 15, kwa u anaweka 10, kwa a anaweka −10. Anapata 15 = 10t − 5t². Akipanga na kugawanya kwa 5, inakuwa t² − 2t + 3 = 0. Ndani ya kipeuo: 4 toa 12, ni hasi 8. Anakwama. Anarudia. Anabadilisha kikokotoo, anaazima cha jirani.

Kikokotoo hakina kosa. Aliuliza jiwe litafika lini mita 15 juu ya paa, na mlinganyo umemjibu kwa uaminifu: kamwe. Kwa mita 10 kwa sekunde jiwe hilo hupanda mita 5 tu juu ya mkono wake. Herufi s kwenye mlinganyo huo ni mhamo, na mhamo wa jiwe unaanzia mkononi na kuishia ardhini, yaani mita 15 kwenda chini. Alishauita upande wa juu chanya pale alipoweka 10 kwa u, kwa hiyo chini lazima iwe hasi: s = −15.

Sasa: −15 = 10t − 5t², inayokuwa t² − 2t − 3 = 0, yaani (t − 3)(t + 1) = 0. Jibu ni sekunde 3. Umbali lilioupita jiwe ni mita 5 za kupanda na 20 za kushuka, jumla 25. Mhamo ni −15. Kwenye swali hilo moja una namba tatu tofauti: 5, 25 na −15. Anayezijua zote tatu zimetoka wapi hahitaji twisheni yangu.

Na lile jibu la pili, t = −1? Wengi hulikata wakasema muda hauwezi kuwa hasi. Likate, lakini litazame kwanza. Linasema: kama jiwe lingerushwa kutoka ardhini sekunde moja kabla, kwa mita 20 kwa sekunde, lingepita usawa wa paa wakati huohuo na kwa kasi ileile ya 10. Hakiki: sekunde moja kwa 20 toa 5 ni mita 15, na 20 toa 10 ni 10. Mlinganyo haujui kuna mtu juu ya paa. Unajua njia nzima ya jiwe, na umekuonyesha sehemu mbili ambapo njia hiyo inagusa ardhi.

Dalili ndugu ya hii: mwanafunzi amepata −15 vizuri, kisha akafuta alama ya hasi kwa kuwa "umbali hauwi hasi". Kuhusu umbali, ni kweli. Lakini alama ya hasi kwenye mhamo si deni wala upungufu, ni kidole kinachoonyesha upande wa pili.

Dalili: fomula inasema 12, eneo chini ya grafu linasema 20

Watoto wanasukuma tairi kupanda mlima. Linaondoka kwa mita 8 kwa sekunde, linapunguza mita 2 kwa sekunde kila sekunde, linasimama, linaanza kurudi chini. Baada ya sekunde 6, mhamo wake ni nini?

Fomula: 8 mara 6 ni 48, toa nusu ya 2 mara 36, yaani 36. Jibu 12. Grafu ya velositi na muda: mstari unaanza 8, unagusa sifuri kwenye sekunde ya 4, unafika −4 kwenye sekunde ya 6. Pembetatu ya juu ina eneo la 16. Ya chini ina eneo la 4. Mwanafunzi anajumlisha, anapata 20, halafu haamini tena kitu chochote.

Eneo lililo chini ya mstari wa sifuri ni la kurudi nyuma. Ukitafuta mhamo, litoe: 16 toa 4 ni 12, sawasawa na fomula. Ukitafuta umbali, lijumlishe: 20. Tairi lilipanda mita 16 na kurudi 4. Hakuna mgongano.

Kinachosahaulika ni kwamba fomula yenyewe haijui kutoa umbali. Inatoa mhamo tu, kila mara. Ukiulizwa umbali wa kitu kilichogeuka njiani, tafuta kwanza kiligeuka lini. Hapa velositi ni sifuri kwenye sekunde ya 4. Kata safari vipande viwili hapo, kokotoa kila kipande peke yake, kisha jumlisha ukubwa wake. Ambaye hakati vipande atapata umbali sahihi pale tu kitu kisipogeuka, na swali likiuliza umbali na mhamo kwa pamoja, jua kwamba kimegeuka.

Dalili: umeisoma grafu kama picha ya mlima

Grafu ya mahali na muda inapanda, inakwenda tambarare, inashuka. Ukiulizwa ieleze, unasema: "Alipanda kilima, akatembea juu, akashuka." Hapana. Alitoka nyumbani kwenda dukani, akasimama pale kungoja chenji, akarudi. Barabara ilikuwa tambarare muda wote.

Tiba yake ni ya mikono. Toboa upenyo mwembamba wa wima kwenye karatasi, uweke juu ya grafu, usogeze taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Utaona nukta moja tu ikipanda na kushuka ndani ya upenyo. Nukta hiyo ndiyo mtu, na urefu wake ndio anakokuwa akipimwa kutoka nyumbani. Ukimaliza, toa mahali pa mwanzo kwenye mahali pa mwisho. Huo ndio mhamo.

Dalili: kitu kile kile, mihamo miwili tofauti

Wanafunzi wawili wanabishana. Treni ya mwendokasi inakwenda mita 40 kwa sekunde, abiria anatembea kwa sekunde 20 kuelekea behewa la nyuma, mita 1 kwa sekunde. Mmoja anasema mhamo wake ni mita 20 nyuma. Mwingine anasema mita 780 mbele. Wote wamepata. Wa kwanza anapimia behewa, wa pili anapimia reli: treni imekwenda 800, abiria kapunguza 20. Ugomvi ungeisha mapema kama kila mmoja angeanza kwa kusema "kwa kupimia…".

Usichanganye jambo hilo na la kuchagua sifuri. Ndoo ikivutwa kutoka kina cha mita 12 hadi mdomoni mwa kisima, uweke sifuri mdomoni au chini kabisa, mhamo utabaki mita 12 kwenda juu. Mahali pa ndoo panabadilika jina, mhamo haubadiliki.

Dalili: saa ya mkononi inasema umetembea, nawe umekaa

Hii si ya darasani, lakini imenisaidia kufundisha kuliko mfano wowote wa kitabuni. Mtu anavaa saa yenye GPS, anaiwasha kabla ya mazoezi, anakaa kwenye ngazi kumsubiri mwenzake. Baada ya robo saa inamwonyesha amekwenda mita kadhaa. Saa haidanganyi kwa makusudi. Kipimo cha satelaiti kinayumba mita chache huku na kule, hasa karibu na majengo marefu. Programu ikichukua kila kuyumba kuwa hatua, itajumlisha: mita 3 mashariki, mita 3 magharibi, 2 kaskazini, 2 kusini, jumla 10. Kwenye umbali, kila kosa linaongeza. Kwenye mhamo, makosa hayohayo yanafutana, na saa ikiulizwa sasa uko wapi ukilinganisha na ulipoiwasha, itajibu karibu sahihi.

Kuna upande wa pili pia. Saa iliyowekwa ihifadhi betri inaweza kusoma mahali ulipo mara chache tu. Kati ya usomaji mmoja na mwingine inachora mstari mnyoofu. Ukiwa umekata kona ya mtaa hapo katikati, kona hiyo imekatwa kwenye kumbukumbu, na umbali unatoka mfupi kuliko ulivyokimbia. Ndani ya saa, basi, umbali si kitu kingine ila ukubwa wa mihamo midogo midogo uliojumlishwa. Kadiri mihamo inavyokuwa midogo, ndivyo jumla inavyoikaribia njia halisi.

Dalili: umesoma kwamba displesimenti hupimwa kwa tani

Umeangukia kwenye meli. Neno hilohilo la darasani hutumika kwa maji yanayosukumwa kando na chombo kinachoelea, na uzito wa maji hayo hutajwa kwa tani. Hiyo ni habari ya Archimedes, haihusiani na mwendo. Funga ukurasa huo.

Dalili: unaona mhamo ni kitu cha mtihani tu

Muulize Geoffrey Mutai. Tarehe 18 Aprili 2011, Mkenya huyo alikimbia Boston Marathon kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa ya Haile Gebrselassie, saa 2:03:59, aliyoiweka Berlin mwaka 2008. Mutai alikuwa ameishusha kwa sekunde 57, kwenye njia iliyopimwa vizuri kabisa, kilomita 42.195. Rekodi haikutambuliwa.

Sababu si umbali. Kanuni za riadha zinasema mahali pa kuanzia na pa kumalizia, vikipimwa kwa mstari mnyoofu, visipishane zaidi ya nusu ya urefu wa mbio. Kwa marathoni hiyo ni karibu kilomita 21.1. Wanaoweka kanuni hiyo wanaogopa upepo: njia inayoelekea upande mmoja tu inaweza kusukumwa nao kwa nyuma tangu mwanzo hadi mwisho, na siku ile upepo wa nyuma ulikuwepo. Boston inaanzia mji mdogo wa Hopkinton na kwenda mashariki, ikiegemea kaskazini kidogo, hadi katikati ya jiji. Mstari wake mnyoofu unazidi kilomita 38. Ni njia ileile ambayo Juma Ikangaa wetu alimaliza wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990.

Kuna kanuni ya pili, nayo ni ya mhamo wa wima: mwisho usiwe chini ya mwanzo kwa zaidi ya mita 1 kwa kila mita 1000, yaani kama mita 42 kwa marathoni nzima. Boston inashuka kama mita 140. Vilima vinavyowavunja watu miguu kuelekea mwishoni havihesabiwi hapo, kwa sababu kanuni inatazama kimo cha ncha mbili tu.

London nayo haianzii na kuishia mahali pamoja. Mbio zinaondoka Blackheath na kumalizikia The Mall, lakini njia inajikunja sana katikati, na ncha zake mbili zimeachana kwa kama kilomita 10 tu. Ndiyo maana Paula Radcliffe alipokimbia huko saa 2:15:25 mwaka 2003, iliandikwa kuwa rekodi ya dunia.